UZI: Macho ya mzee, presha na kumbukumbu. Mishipa ya retina inasema nini kuhusu ubongo?

MwanaKengeja (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Mwenye mzee nyumbani anayetumia dawa za presha au sukari, namuomba asome hadi mwisho. Mie ni muuguzi wa macho hapa Pemba, na jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu.

Kila wiki naisikia kauli moja mlangoni pa chumba cha macho: "Tumemleta kwa macho tu, hayo mengine ni utu uzima." Ukiyadadisi hayo mengine, ni bibi anayeuliza swali moja mara tatu kabla chai haijapoa. Ni babu aliyekuwa akiijua mikarafuu yake mti kwa mti, leo akitoka msikitini hajui ashike njia gani. Ukifungua kadi yake ya kliniki unakuta presha ya 170 kwa 100 imeandikwa tangu enzi, na dawa anameza siku kichwa kikimuuma tu. Ninachosema mimi ni kwamba macho na hayo mengine mara nyingi ni maradhi ya mishipa ya damu ya aina moja, na tunapoyatenganisha tunaipoteza nafasi ya kuukinga ubongo wakati bado unakingika.

Nianze na jicho lenyewe. Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, ndio unaopokea mwanga. Mtoto akiwa tumboni mwa mamake, utando huo huchipuka kutoka kwenye ubongo, na mshipa wa fahamu wa jicho unabaki kuviunganisha maisha yote. Damu yake inatoka kwenye tawi la ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) kubwa ya shingoni, ileile inayolisha sehemu kubwa ya ubongo. Hata ujenzi wa mishipa yake midogo unafanana na wa ubongoni: kuta zake zimebanana sana, hazipitishi kila kilichomo kwenye damu. Tofauti ni kuwa ile ya ubongoni imefichwa na fuvu, na hii ya jichoni naiona waziwazi bila kumchana mtu.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa cha kumulika ndani ya jicho la mtu aliye hai. Miaka ya 1890 Marcus Gunn wa London akaeleza alichokiona kwa wagonjwa wa presha na figo: ateri iliyokakamaa inapita juu ya vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) na kuibana. Mwaka 1939 madaktari Keith, Wagener na Barker wa Marekani wakawagawa wagonjwa wa presha kwa madaraja manne kwa kuangalia retina zao. Dawa za maana za presha zilikuwa bado, na wengi wa daraja la nne hawakuumaliza mwaka.

Sasa niwaelezee ninachokiona mimi. Mgonjwa anatiwa matone ya kupanua mboni, anakaa kwenye benchi kama nusu saa, kisha namulika. Ndani kote ni rangi ya chungwa lililoiva. Kuelekea upande wa pua kuna duara la manjano iliyopauka. Hapo ndipo mshipa wa fahamu ulipo, na hapo mishipa ya damu inatokea na kutawanyika kama mizizi ya mkoko. Ateri ni nyembamba, nyekundu ya kung'aa. Vena ni pana zaidi na nyekundu yake ni ya kiza. Kwa mtu mwenye afya, upana wa ateri kwa vena ni kama 2 kwa 3.

Kwa mwenye presha ya miaka mingi, ateri zimesinyaa. Ukuta umenenepa, na ule mstari wa mwanga ulio juu ya mshipa umepanuka hadi mshipa mzima umechukua rangi ya shaba. Pale ateri inapokatiza juu ya vena, vena inaonekana kama imekatika, kwa sababu mishipa hiyo imo ndani ya ala moja na ateri ngumu inaikandamiza mwenzake. Hali ikizidi unakuta damu iliyovuja yenye umbo la mwali, na mabaka meupe pale nyuzi za fahamu zilipokosa damu. Kwa mwenye sukari, mwanzo ni vidoa vyekundu vidogo mno, kuta za mishipa zimevimba kama vipele, halafu yanakuja mafuta ya manjano yaliyovuja.

Mishipa midogo ya ubongoni ikipatwa na hayohayo, hakuna wa kuiona. Vijisehemu vya ubongo vinakosa damu kimyakimya, na nyuzi zinazounganisha sehemu moja na nyingine zinaharibika. Mtu anakuwa mzito wa kufikiri na kupanga mambo, hata mwendo wake unabadilika. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, kwa hiyo mishipa yake ikibana hauna akiba ya kujitegemea.

Napumzika hapa, tafiti zinafuata. Maswali karibuni.

PwaniMchangani

Naweka kambi hapa. Endelea dada.

Forodhani_Jioni

Waalaykum salaam. Shukran kwa maelezo, lakini naomba tusiende haraka. Kwamba presha inaharibu jicho na inaharibu ubongo, hilo linakubalika. Je, kuna waliopima wakaona kweli mwenye mishipa mibovu ya jicho ndiye akili yake inapungua? Isije ikawa tunaunganisha vitu kwa sababu vimekaa karibu.

MwanaKengeja

@Forodhani_Jioni swali lako ndilo lenyewe.

Marekani kuna utafiti uitwao ARIC, ulioanza mwaka 1987 kwa watu wa makamo katika jamii nne. Walipigwa picha za retina na wakapimwa kumbukumbu na wepesi wa kufikiri. Mwaka 2002 ikatolewa taarifa kuwa waliokuwa na dalili za uharibifu kwenye retina walipata alama za chini kwenye vipimo vya akili kuliko wenzao, hata baada ya kuhesabu presha, sukari na mengineyo. Wameendelea kufuatiliwa kwa karibu miaka 20, na waliokuwa na uharibifu mkubwa wa retina ndio waliopungua kwa kasi zaidi.

Uholanzi, utafiti wa Rotterdam ulionesha mwaka 2011 kwamba wazee wenye vena pana za retina walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata dimensia (maradhi ya kumbukumbu na akili kupungua), hasa ile inayotokana na mishipa ya damu. Vena kupanuka si jambo jema hata kama linasikika vizuri. Inaendana na sigara, unene uliopitiliza, mchomo wa ndani kwa ndani, na upungufu wa oksijeni.

Unaonigusa mimi zaidi ni wa Dunedin, New Zealand. Watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa mpaka wamekuwa watu wazima. Walipofika miaka 38 wakapigwa picha za retina. Wenye vena pana walikuwa na alama za chini za kipimo cha akili, na daftari lilipofunguliwa nyuma likaonesha kuwa alama zao za utotoni nazo zilikuwa za chini. Fikirini maana yake. Hadithi ya mishipa na akili haianzi siku mzee anaposahau jina la mjukuu. Ilikuwa inaandikwa tangu zamani.

Forodhani_Jioni

Basi hapo Dunedin ndipo penye tatizo langu. Kama akili ilikuwa chini tangu utoto, mishipa ya miaka 38 haiwezi kuwa ndiyo sababu.

MwanaKengeja

Sawasawa, na hakuna mtafiti makini anayedai kwamba mshipa wa jicho unaharibu ubongo. Kinachodaiwa ni kwamba jicho na ubongo vinapigwa na kitu kimoja, na kwenye jicho athari inaonekana. Kwa Dunedin, huenda afya ya mishipa na ya ubongo vyote viwili viliathiriwa na maisha ya mwanzo, au aliyekuwa na alama za juu alikuja kupata maisha yanayotunza mishipa. Utafiti ule peke yake hauwezi kuamua.

Na tofauti zenyewe ni ndogo. Zinaonekana ukilinganisha mamia kwa maelfu ya watu. Nikimmulika mzee mmoja wa Kiuyu nikaona vena pana, siwezi kumwambia kuwa atapata dimensia. Naweza kumwambia mishipa yake imeumia, na hilo linatosha kunifanya nimfuatilie presha yake leo hii.

Mpendae_Kwetu

Afadhali umesema hilo, maana baba yangu alipelekwa kwenye duka moja la miwani mjini (silitaji), wakamwambia kwa picha ya jicho watamjulisha kama ana Alzheimer, yale maradhi ya usahaulifu. Akalipa. Akatoka na karatasi yenye rangi nyekundu na njano, na wiki nzima hakulala kwa hofu. Hakuna aliyempima hata presha.

MwanaKengeja

Pole sana, na mfikishie mzee salamu zangu. Hilo limeniuma.

Niseme kwa uwazi ili kila mtu asome: leo hakuna picha ya jicho inayokubalika kama kipimo cha kumwambia mtu ana Alzheimer au hana. Maradhi hayo, yaliyoelezwa kwa mara ya kwanza na Alois Alzheimer mwaka 1906, yanahusu protini zinazojikusanya ndani ya ubongo. Picha ya kawaida ya retina haizioneshi. Kuna mashine zinazopiga tabaka za retina na mishipa yake midogo kabisa bila kuchoma sindano, na watafiti wamekuta kwa baadhi ya wagonjwa wa Alzheimer mtandao wa mishipa hiyo umepungua. Lakini ni kazi ya utafiti bado, na mwenye presha au sukari au presha ya macho naye mtandao wake unaweza kupungua. Hiyo karatasi ya rangi haina la kumfaa baba yako. Apimwe presha, sukari, macho na masikio, na azungumze na daktari kuhusu kumbukumbu.

Tena kuna jambo la wazee wetu hasa. Picha inataka jicho liwe safi. Mwenye mtoto wa jicho, picha inatoka na ukungu, mishipa inaonekana kufifia hata kama ni mizima. Mwenye miwani mikali ya kuonea mbali, vipimo vya upana vinapotoka kwa sababu jicho lake ni refu. Asiyejua hayo atakusomea maradhi usiyokuwa nayo.

Muscat_NaMoyoUnguja

Salamu kutoka Omani. Huku wanasema kompyuta siku hizi inaisoma picha ya retina kuliko daktari. Kwa nini Pemba isiletewe hiyo tukamaliza?

MwanaKengeja

Ni kweli inaona mengi. Mwaka 2018 watafiti wa Google walichapisha kazi ambayo programu ilifundishwa kwa picha za watu 284,335. Ikaweza kukadiria umri wa mtu kwa tofauti ya miaka mitatu na kidogo, ikatambua mwanamke na mwanamme, hata kama anavuta sigara. Hakuna daktari wa macho anayeweza kumtambua mwanamke na mwanamme kwa kuangalia retina. Tangu hapo wapo waliojaribu kuifundisha programu itambue Alzheimer, na matokeo yanatia moyo.

Lakini picha zile zilitoka Marekani na Uingereza. Programu inayajua macho iliyofundishwa nayo. Rangi ya retina yetu, mtoto wa jicho anayekaa miaka bila kutolewa, kamera iliyoshikwa na mkono kwenye chumba cha joto, vyote vinabadilisha picha. Kabla ya kuitegemea kwa wazee wa Micheweni ijaribiwe kwanza kwa wazee wa Micheweni. Kwa uharibifu wa sukari kwenye jicho, huko imeshasaidia nchi nyingi, na ningefurahi sana ikija kwa kazi hiyo kwanza.

BintiOle

Dada mie nina mama wa miaka 68, sukari ya muda, anatumia metfomini na glibenklamaidi. Ramadhani iliyopita alasiri moja alianza kusema maneno yasiyoeleweka, ananiita kwa jina la marehemu shangazi, jasho linamtoka. Majirani wakasema kaguswa, aitwe mtu wa kumsomea. Mie nikakumbuka alikula daku kidogo sana. Nikampa maji ya sukari, robo saa hivi akarudi mwenyewe. Lakini tangu hapo naona anasahau. Nimpeleke akapigwe picha ya jicho?

MwanaKengeja

Umemuokoa mama, Mwenyezi Mungu akulipe. Kwa dalili ulizozitaja, ile ilikuwa sukari kushuka. Glibenklamaidi inajulikana kwa hilo, hasa kwa watu wazima na hasa mtu akifunga. Sukari inayoshuka vibaya mara kwa mara nayo inaudhuru ubongo. Nenda kwa daktari wake kabla ya Rajabu kwisha, si siku ya kuandama mwezi, aamue kama dawa ibadilishwe na kama mama anafaa kufunga. Kusomewa hakukatazwi, lakini maji ya sukari yatangulie.

La pili ni metfomini. Ni dawa nzuri na asiiache, lakini ikitumiwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo unaleta usahaulifu na ganzi ya miguu. Unatibika. Muulize daktari kama kipimo kinapatikana. Mwambie pia kama mama aliwahi kuanguka akagonga kichwa, kama amekuwa mnyonge na kujitenga, na dawa zote anazomeza zikiwemo za dukani. Tezi ya shingoni ikilegea nayo inaleta usahaulifu. Haya ndiyo ya kuanzia, kwa sababu yana dawa.

Macho aangaliwe, ndiyo, kwa sababu mwenye sukari anatakiwa kuangaliwa retina kila mwaka hata kama anaona vizuri. Ikikutwa imeharibika, usiishie kwenye jicho. Omba majibu yarudi kwa daktari wa sukari na presha. Huku kwetu karatasi ya macho hubaki kwa watu wa macho na kadi ya presha hubaki kwa watu wa presha, na mzee katikati hana anayemuunganisha. Wewe ndiye wa kuzibeba zote mbili kwenye mfuko mmoja.

Mwalimu_Konde

Naomba niongeze. Bibi yangu alipimwa kumbukumbu akaambiwa achore saa na ataje tarehe ya kizungu. Bibi amesoma chuoni, Qur'ani anaijua, skuli hakwenda. Akaonekana hana akili!

MwanaKengeja

@Mwalimu_Konde hilo linatakiwa lisemwe kwa sauti. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walikuta dimensia kwa asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi, na huko huko kikatengenezwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA kwa ajili ya wasiokwenda skuli. Mzee anatajiwa maneno kumi na baadaye anaulizwa anayoyakumbuka, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anaulizwa siku ya leo na jina la kiongozi wa hapo alipo, anapanga vijiti vya kibiriti kwa mfano aliooneshwa. Hakuna kalamu. Kwetu hapa mtu angemuuliza jina la sheha na bibi angemtajia hadi la babake sheha.

Na kabla ya kipimo chochote, mzee avae miwani yake na asikie vizuri. Asiyeona vijiti hawezi kuvipanga.

MzeeWaMichenzani

Vijana, mimi nina miaka 63, presha nimeanza nikiwa na 45. Akili bado namshukuru Mungu, ila natafuta maneno. Je, nimeshachelewa?

MwanaKengeja

Shikamoo mzee wangu. Hujachelewa.

Marekani ulifanywa utafiti wa SPRINT kwa watu zaidi ya 9,000 wa miaka 50 na kuendelea, wenye presha na wasio na sukari. Kundi moja presha ya juu ilishushwa chini ya 120, jengine chini ya 140. Majibu ya upande wa ubongo yalitoka mwaka 2019: waliopata upungufu wa awali wa kumbukumbu walikuwa pungufu kwa asilimia 19 kwenye kundi la 120. Kwa dimensia yenyewe tofauti haikufikia kiwango cha kuthibitika. Usijiongezee dawa kwa sababu ya maneno haya, mzee akishushwa kupita kiasi anaanguka. Muulize daktari lengo lako ni lipi, na dawa imezwe kila siku, kichwa kiume kisiume.

Kisha chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Papa mkavu na ng'onda tunaowapenda vinaimaliza hiyo kwa mlo mmoja. Simwambii mtu aache, ila amloweke na kumwaga maji, na ale kwa nadra. Sigara iachwe kabisa. Mwendo wa miguu kila siku, na barazani uende ukacheze bao, kwa sababu upweke nao umo kwenye orodha. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ambayo kwa pamoja yanahusika na hadi asilimia 45 ya dimensia duniani. Presha, sukari, sigara, kutosikia, upweke yamo, na mwaka huo waliongeza kutoona vizuri na lehemu mbaya ya damu. Kwa hiyo hata kutolewa mtoto wa jicho kunahusika na kichwa.

Forodhani_Jioni

Nimeridhika na ninakubali hoja. Swali la mwisho: kwa nini tusubiri watu waje hospitali? Wazee wa miaka 70 wamo kwenye orodha ya pensheni jamii tangu Aprili 2016. Wanajulikana shehia kwa shehia.

MwanaKengeja

Umenitoa maneno mdomoni. Orodha ipo, masheha wapo. Kipimo cha presha ni cha dakika tano, cha sukari ni tone la damu, kamera za kushika mkononi zinabebeka kwenye mkoba. Mie ningependa tuanze mapema kuliko 70, kwa wenye miaka 40 na 50, maana mishipa inaharibika wakati huo. Lakini kuanza na waliokwisha kuorodheshwa ni bora kuliko kutokuanza. Mwenye njia ya kulifikisha Wizarani alifikishe.

BintiOle

Nimepanga Jumatatu nampeleka mama. Nichukue nini?

MwanaKengeja

Kadi zote, na dawa zenyewe pamoja na maboksi yake. Miwani aliyonayo hata kama imevunjika. Asile kidogo kama siku ya Ramadhani, anywe chai na kitafunio chake kwa wakati. Waambie kama ana presha ya macho kabla hawajamtia matone. Na usimpakie kwenye vespa kurudi nyumbani: macho yatakuwa na ukungu saa kadhaa na jua litamchoma. Mchukulie kofia au mtandio mpana, mpande daladala.